MAMA, UNAMCHEKA MTOTO ANAYETAKA KUSOMA SAIKOLOJIA?

SEHEMU YA 1

Mambo ya homa na degedege tumemaliza wiki iliyopita. Leo naanza kitu kingine kabisa, na najua kuna watakaonuna.

Dada mmoja kaniandikia inboksi. Binti yake yuko kidato cha nne, kasema akipata nafasi anataka kusoma saikolojia. Baba mtu kacheka mpaka kapaliwa na chai. "Sista, hivi hilo ni somo kweli au ni uvivu wa kukimbia fizikia?"

Ni somo. Na kwa shule zetu za serikali, kidato cha tano na cha sita, hakuna. Binti huyo akitaka kulisoma mwakani hatalipata. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba kombi za advansi zinaongezwa kutoka 16 mpaka 65. Nilifurahi jamani, sikuficha. Michezo imo, muziki umo, lishe imo, Kichina kimo. Nikapita orodha yote nikitafuta saikolojia. Haimo. Kombi 65, na hakuna hata moja ambayo mtoto anakaa darasani kujifunza akili ya binadamu inavyofanya kazi.

Wakati huohuo, Uingereza watoto wa umri uleule wanalifanyia mtihani tangu miaka ya 1970. Mwaka 2023 kule England lilikuwa somo la pili kwa wingi wa watahiniwa wa ngazi hiyo, likitanguliwa na hisabati tu. Na sio lazima uende Ulaya. Hapahapa kuna shule za kimataifa zinazofundisha mitaala ya Cambridge, mtoto anasoma saikolojia miaka miwili na kutoka na cheti. Ada yake tu ndiyo inatajwa kwa dola. Kwa hiyo somo lipo nchini. Lipo kwa watoto wa watu fulani.

Msimamo wangu nauweka wazi ili tusizungukane: saikolojia iwe somo la mtihani kidato cha tano na sita, shule za serikali, kwa watoto wa kawaida kama wa kwangu na wako. Na kabla wakubwa hawajafika huko, sisi wazazi tuache kucheka.

SEHEMU YA 2

Wengi wakisikia saikolojia wanawaza vitu viwili. Kwanza, kusoma mawazo ya mtu kwa kumtazama machoni. Pili, wale wazungumzaji wa ukumbini wanaotoza kiingilio halafu wanatuambia tuamke saa kumi alfajiri ndiyo tutajirika. Hivyo vyote sio saikolojia.

Nimeusoma muhtasari wa Cambridge, ule wa kidato cha tano na sita kwa lugha yetu. Mwanafunzi anaanza na tafiti 12. Kila moja anatakiwa ajue ilifanywaje, kwa watu wangapi, ilipata nini, ina udhaifu gani, na kama waliofanyiwa walitendewa haki. Kuna utafiti wa usingizi na ndoto. Kuna wa mtoto aliyekuwa anaogopa vifungo vya nguo, namna alivyosaidiwa. Kuna wa watu ndani ya treni New York, mtu kaanguka mbele yao, nani anainuka kusaidia na nani anageuza shingo. Kuna ule wa mwaka 1961 wa watoto wadogo 72: waliomwona mtu mzima akilipiga lidoli, walipopewa nafasi nao wakalipiga, wengine kwa maneno yaleyale aliyoyatamka yule mtu mzima. Mama unayemchapa mtoto huku unamwambia "usipige wenzako", huo utafiti ni wako.

Mwaka wa pili anachagua maeneo mawili kati ya manne, na moja ni saikolojia ya afya. Ndani yake kuna nini? Kwa nini mgonjwa hamalizi dozi. Namna mhudumu anavyozungumza na mgonjwa. Maumivu. Msongo wa mawazo. Namna ya kuwafanya watu wabadili tabia.

Hiyo ni wodi yangu! Hiyo ni kazi ninayoifanya zamu kwa zamu. Mama anapewa dawa ya siku saba, siku ya tatu mtoto anacheza, dawa inawekwa juu ya kabati "akiumwa tena". Wiki ya pili wanarudi, mtoto hoi. Na sisi wahudumu, wengi wetu, dawa tunayoijua ya tatizo hilo ni kumfokea mama mbele za watu. Anaitikia "sawa sista", anarudi nyumbani, anafanya vilevile. Maana sababu ya kuacha dozi hatukumuuliza. Labda dawa ilimtapisha mtoto. Labda mama mkwe alisema imezidi. Labda alikuwa anaitunzia mdogo wake anayefuata. Kuuliza kwa namna ambayo mtu atakujibu ukweli ni kitu kinachofundishika.

Mimi nilifundishwa chuoni, diploma ya uuguzi, kwa muda mfupi tu, saikolojia imebanwa na sosholojia kwenye kapu moja. Mwalimu naye hufundishwa akienda ualimu. Nje ya hapo, fundi, mkulima, karani, mama wa nyumbani, polisi wa kituo cha kata, hakuna aliyewahi kuambiwa lolote darasani.

SEHEMU YA 3

Koment za jana nimesoma zote. Kubwa ni hii: "Sista hayo ni mambo ya Wazungu, sisi Waafrika tuna mila zetu." Haya. Ngoja niwapeleke Bukoba.

Tarehe 30 Januari 1962, nchi haijamaliza hata miezi miwili tangu uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha walianza kucheka. Kicheko hakikukatika. Wakacheka na kulia na kuhangaika, mwingine saa chache, mwingine siku kadhaa. Ikaambukiza wenzao. Kati ya wanafunzi 159, waliopatwa ni 95. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa, wasichana wakarudishwa makwao, na kule vijijini nako ikaendelea, Nshamba watu zaidi ya 200. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza wakaandika taarifa mwaka 1963. Damu, chakula, sumu, vijidudu, hakuna kilichopatikana.

Kisa hicho hutajwa duniani kote panapozungumzwa jinsi hofu na msongo vinavyoweza kupita kwenye kundi la watu kama mafua. Mgeni anakijua Kashasha. Mtoto wa Muleba hajawahi kukisikia darasani.

Na sio historia iliyoisha. Nani hapa hajasikia shule ya wasichana ambako "wanaanguka"? Nimewapokea mimi, kwenye gari la shule, wamelaliana kama magunia, mmoja anapiga kelele, mwingine kakaza vidole. Unapima presha, iko sawa. Sukari sawa. Malaria hasi. Unauliza mwalimu aliyewaleta, anakwambia alianza mmoja juzi usiku, kukawa na mitihani ya moko wiki hiyo, na maji yamekatika bwenini. Basi uongozi ukafanya nini? Ukakusanya shule nzima ukumbini, wote wakiwatazama wanaoanguka, zikapigwa kelele za kukemea. Wakaanguka wengine kumi na kitu.

Sikatazi maombi. Na mimi nasali, tena sana. Ninachosema ni kwamba kitu kinachosambaa kwa kuonana, ukiwaweka wote mahali pamoja waonane, unakisambaza. Aliyeanguka hutengwa taratibu na kundi, chumba chenye utulivu, mtu mmoja wa kumshika mkono, hakuna kumwita mchawi wala mwigizaji, kwa sababu hajifanyi. Halafu mnarudi kwenye chanzo: kuna nini bwenini? Mwalimu wa malezi angekuwa na wanafunzi 30 wa kidato cha sita waliokwisha kusoma Kashasha, wangekuwa wasaidizi wake usiku ule. Badala yake alikuwa na wasichana 400 wanaoamini kuna jini chooni.

SEHEMU YA 4

Bado niko kwa "mambo ya Wazungu", maana hii ndiyo sehemu ninayoipenda na mtanivumilia kwa urefu.

Mwaka 1954 mwanamke mmoja, Mary Ainsworth, alifika Kampala. Mume wake alikuwa kapata kazi kwenye taasisi ya utafiti pale Makerere, yeye hakuwa na kazi. Akatafuta mkalimani, akaanza kwenda vijijini karibu na Kampala kutembelea kina mama wa Kiganda wenye watoto wachanga. Familia 26. Anakwenda kila baada ya wiki mbili hivi, anakaa barazani saa kama mbili, anaangalia. Ndiyo hivyo tu. Anaangalia mama anavyonyonyesha, anavyomtua mtoto, mtoto anavyolia mama akiinuka, anavyotulia mama akirudi.

Akaona kitu ambacho wewe unakiona kila siku sebuleni kwako. Mtoto anayetambaa anakwenda mbele kidogo, anageuka kumtazama mama, anaona yupo, anakwenda mbele tena. Akishtuka anarudi mbio kushika kanga. Akishapata nguvu anaondoka upya. Mama ndiye kituo chake. Kwa sababu kituo kipo, mtoto anathubutu kwenda. Ainsworth alikiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1967, na baadaye, akiwa Baltimore kule Marekani, akaendeleza kazi hiyohiyo na kuibuni ile njia ya kupima uhusiano wa mama na mtoto, mama anatoka chumbani kidogo kisha anarudi. Leo kijana anayesoma saikolojia sekondari kule Uingereza hukutana na kazi hiyo. Ni msingi.

Sasa niambie. Elimu iliyoanzia barazani kwa mama wa Kiganda, amekalia mkeka, ananyonyesha, leo imekuwaje ya Wazungu? Wao walikuja kuangalia tu. Wakaandika. Wakaweka kwenye mtaala. Kijana wa Leeds anaisoma, wa Bukoba, ng'ambo tu ya mpaka, haisomi, halafu mzazi wake anasema "hayo sio ya kwetu".

Na ina faida gani kwa mama? Kubwa. Tumeambiwa wote: "usimbebe sana atazoea mikono", "mwache alie, mapafu yapanuke". Mimi nimewasikia hata wahudumu wakisema hivyo leba, nikauma meno. Kwenye ule utafiti wa Baltimore, watoto ambao mama zao walikuwa wakiwaitikia haraka walipolia miezi ya mwanzo, walipokaribia mwaka walikuwa wanalia kidogo kuliko wale walioachwa. Yaani kumwitikia mtoto mchanga hakumharibu. Anajifunza kwamba akiita kuna mtu. Bibi yangu alijua hilo bila kitabu, kwa kweli bibi zetu wengi walijua. Sisi wa kati ndio tumelipoteza, tumeshika vipande vya ushauri wa jirani.

SEHEMU YA 5

Mtaniuliza kwa nini nang'ang'ania kidato cha tano na sita. Si waende wakasome chuo kikuu?

Kwa sababu wengi hawaendi. Na hata wanaokwenda, wanasomea uhasibu, sheria, uhandisi. Kidato cha sita ni darasa la mwisho ambako binti wa miaka 18, 19 amekaa kwenye dawati, mwalimu yuko mbele, serikali inalipa. Akitoka pale, baada ya miaka mitatu minne namkuta leba. Wa kiume naye namkuta nje ya leba, kakaa kwenye benchi, hajui ashike wapi.

Nawaambia ninachokiona wodi ya wazazi. Mama kajifungua salama, mtoto mzima, ndugu wamekuja na chupa za supu. Siku chache baadaye mama haongei. Hataki kumshika mtoto. Analia bila kuambiwa kitu, au halii kabisa, anatazama ukuta tu. Ndugu wanasema nini? "Anadeka." "Mvivu huyu, sisi tulizaa saba." "Amerogwa na mke mwenza." Mume anasema kabadilika, anatafuta pa kwenda. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 baada ya kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, sana sana sonona. Mmoja kati ya watano! Hesabu rafiki zako waliozaa mwaka huu. Inatibika. Lakini anayetakiwa kuiona kwanza sio mimi. Mimi nimeshamruhusu aende nyumbani. Wa kuiona ni mume, dada, wifi, mama mkwe, na hao wote hawajawahi kufundishwa kwamba kitu hicho kipo.

Msemo tunaupenda: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sawa, na huyo mama alifunzwa na nani? Kwenye hili hakuna aliyemfunza.

Halafu hao wanafunzi wenyewe. Shirika hilohilo linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na kwamba kwa walio na miaka 15 hadi 29, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo duniani. Nimekaa kitandani na binti wa kidato cha tano saa nane usiku, amenusurika, ananiuliza kama shule itamfukuza. Sisimulii zaidi, sio yangu kusimulia. Ila wenzake wa bweni waliniambia kitu: walimwona kwa mwezi mzima hali, halali, anagawa vitu vyake. "Tulidhani anajisikia." Walikuwa wasichana wenye akili nyingi, wa PCB, wanachora figo kwa macho yamefumbwa. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kugawa vitu vyake kwa mtu mwenye hali ile ni dalili.

(Mama, naweka hapa kabla sijasahau: mtoto akikwambia amechoka kuishi, usimgombeze, usimwambie anatafuta huruma, usimwache peke yake hata kwenda dukani. Muulize moja kwa moja, kumuuliza hakumpi wazo. Weka dawa zote za nyumbani mahali pa kufungwa. Mlete hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Sio lazima Mirembe, hospitali yoyote iliyo karibu.)

SEHEMU YA 6

Hii fupi, ila inanigusa kwa kazi yangu.

Mwaka 1966 ulichapishwa utafiti wa daktari mmoja wa Marekani, Hofling. Muuguzi yuko zamu ya usiku, simu inalia. Mtu anajitambulisha kwamba ni daktari fulani, muuguzi hajawahi kumwona. Anamwagiza ampe mgonjwa miligramu 20 za dawa fulani mara moja. Kwenye lebo imeandikwa kiwango cha juu kabisa kwa siku ni miligramu 10. Sheria ya hospitali inakataza kupokea agizo kwa simu. Wauguzi 22 walipigiwa. Waliokuwa tayari kwenda kumpa mgonjwa, kabla ya kuzuiwa mlangoni, ni 21. (Dawa yenyewe ilikuwa glukosi tu, usiogope.)

Ishirini na moja! Na hawakuwa wajinga wala wabaya. Walilelewa kutii. Kama sisi.

Nyumbani tunamfundisha mtoto shikamoo, apokee mzigo, asijibu mkubwa. Nakubaliana, wa kwangu wanasalimia mpaka majirani wanachoka. Lakini mkubwa mwingine ni mwalimu wa tuisheni anayemwambia abaki baada ya wenzake. Mwingine ni mjomba wa kambo. Mwingine ni bosi atakayempa hela za ofisi asaini kitu asichokisoma. Ukimwambia tu "uwe makini" hatakuwa makini, hata hao wauguzi walikuwa makini. Kinachosaidia ni kijana kukaa darasani na kuiona kwa namba: hivi ndivyo watu wazima wenye vyeti walivyotii agizo la dozi iliyoandikwa wazi kwamba imezidi kiwango. Akajiuliza, mimi ningekuwa yule mmoja? Mkajadili. Akaandika insha. Baadaye siku simu yake ikilia, kuna kitu kitamshika mkono.

Kuna wazazi ambao ndicho wanachokiogopa hasa, mtoto atakayeuliza. Hao sina la kuwaambia.

SEHEMU YA 7

Haya, za kumaliza.

"Hakuna ajira." Mama, nani kati yenu amesoma HGL akaajiriwa kuwa mwanahistoria? Kombi haikupi kazi, inakupeleka mbele na inakupa kichwa. Na aliyesoma saikolojia kwa kweli, sio kwa majigambo, amejifunza kupima, kulinganisha makundi, kusoma takwimu, kugundua utafiti wa uongo. Niambie ofisi isiyotaka mtu huyo. Sio somo jepesi. Anayelikimbilia ili akwepe hesabu atakutana na hesabu humo.

"Hakuna walimu." Hii inanikera kuliko zote. Kila mwalimu aliyepita chuo cha ualimu nchi hii alisoma saikolojia ya elimu. Kila mmoja. Hawatoshi kufundisha advansi kwa hiyo pekee, sawa, wanahitaji mafunzo zaidi. Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa shahada ya ualimu katika saikolojia, na wahitimu wake wakifika mashuleni wanapewa vipindi vya kitu kingine, kwa sababu somo walilosomea halipo kwenye ratiba. Halafu tunasema walimu hawapo.

"Watoto watajiona wote wagonjwa." Hapa kidogo mna haki. Kuna umri kijana akisoma dalili za ugonjwa anazikuta zote kwake, hata sisi chuoni ilitupata, kila wiki mtu ana ugonjwa mpya. Lakini hilo tayari linatokea, mama. Chukua simu ya binti yako. Kila mpenzi aliyeachana naye ni "narsisisti". Akikosa usingizi siku moja ana "baipola". Akiboreka ana "dipresheni". Amefundishwa na nani? Na mtu aliyejipiga picha amelala kitandani, video ya sekunde 40, mwisho anauza majani ya kuchemsha. Kwa hiyo saikolojia wanaisoma kila siku. Wanaisoma bila mwalimu, bila kitabu, bila mtihani, na hakuna anayewasahihisha.

"Vipindi vimejaa." Vimejaa kila mwaka na kila mwaka kuna kinachoongezwa. Tuendelee.

SEHEMU YA 8

Kwa yule dada wa inboksi na wenye watoto kidato cha nne sasa hivi.

Kwenye Selform saikolojia hutaiona, usipoteze muda kuitafuta. Kama mtoto yuko vizuri kwenye sayansi, kombi yenye biolojia itamfungulia uuguzi, udaktari, na humo ndani afya ya akili ipo. Kama ni wa sanaa, achukue inayomfaa, saikolojia ataikuta chuo kikuu. Kabla ya kujaza, muulize kwa nini anaitaka. Kaa kimya, msikilize mpaka amalize. Wengine wanaitaka kwa sababu kuna kitu kinawauma na wanatafuta jina lake, na hapo mambo ya kombi yanasubiri kwanza.

Kwenye kikao cha wazazi, na najua mnachukia vikao vya wazazi, ukimaliza kugombania hela ya chakula uliza mawili. Mwalimu wa malezi ni nani, na ana muda gani wa kukaa na wanafunzi? Wasichana wakianza kuanguka bwenini, utaratibu wa shule ni upi? Ukijibiwa "tunaita wachungaji" au "tunaita shehe", uliza na baada ya hapo? Dai iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Diwani akija, mbunge akija, Wizara ikiomba maoni ya mitaala, usiseme barabara tu. Mtaala wa advansi umebadilishwa juzi, maana yake unabadilishika.

Kuna mama kaniuliza asubuhi kama kuna kitabu cha Kiswahili cha saikolojia anachoweza kusoma na mwanae jioni. Mnaojua wekeni majina kwenye koment, ila kiwe mmekisoma wenyewe, msiniletee vitabu vya kutajirika. Mimi naingia zamu ya usiku mpaka Alhamisi, nitajibu nikitoka. Wenye watoto wenye homa msinisubiri mimi, nendeni kituoni.